Siku Niliyokwenda Kuposa Nikinuka Karafuu Maiti

Habari hii wengi wenu mmeisikia kwa watu wengine, na kila mmoja kaiongezea lake, wapo wanaosema nilibebwa kwenye jeneza, wapo wanaosema nilikata roho nikarudi, basi leo nisikilizeni mimi mwenyewe, kwa sababu aibu ilikuwa yangu na bado ninayo, na heri niiseme ilivyokuwa kuliko kuiacha izunguke mitaani ikiota miguu mingine.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli ilikuwa imefika Dodoma miaka si mingi, na mji wenyewe ulikuwa stesheni, boma, maduka machache ya Wahindi na nyumba zetu sisi watoto wa watu wa misafara, ukizipita hizo unaingia kwenye tembe za Wagogo na ng'ombe wao. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nikikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, nikishona kanzu za watu wa mji na suruali za makarani wa reli, na yeyote aliyewahi kukaa barazani Dodoma miezi ya upepo anajua ninachosema: vumbi jekundu mchana kutwa, baridi usiku kucha. Mwaka ule pua yangu iliziba upande wa kulia, ikaziba wa kushoto, mwisho zote mbili, nikawa naishi kwa kupumulia mdomo.

Ingekuwa wakati mwingine ningevumilia. Lakini Mjomba Sudi (ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, na ndiye aliyekuwa mshenga wangu) alikuwa amekwisha kupeleka posa kwa Mzee Rajabu, kumposa binti yake Mwanaidi, na jibu lilirudi zuri ila lina mkia. Mzee Rajabu alitaka nije mwenyewe siku ya Ijumaa baada ya alasiri, anisikie kwa masikio yake nikisema ninamtaka nani na nitamweka vipi. Mzee huyu zamani alikuwa mnyapara wa wapagazi, amewapeleka watu kutoka pwani mpaka Tabora na kuwarudisha, na alikuwa anaamini kwamba mtu hujulikana kwa sauti yake. Kabla yangu alikwisha kumkataa karani mmoja kijana mzuri tu, ati ananong'ona.

Sasa ninyi zibeni pua zenu kwa vidole, halafu semeni Mwanaidi. (Zibeni, nawangoja.) Mmesikia? Linatoka Bwadaidi. Nilikuwa nikijaribu kila asubuhi mbele ya cherehani yangu, mpaka mwenye duka akaniuliza Bwadaidi ni kitambaa cha wapi, mbona hajakiona.

Jumatano nikaenda kwa Mabruki. Huyu alikuwa rafiki yangu wa tangu utotoni, na wakati huo ni msaidizi wa daktari pale kambi ya reli, mtu mpole lakini akishavaa lile vazi lake jeupe hana mzaha. Akaniinamisha kichwa nyuma kuelekea dirishani, akachungulia.

"Imeanza lini?"

"Jubabosi," nikasema.

"Homa huna, usaha hamna. Ni vumbi na baridi hizi. Siku nne, tano, itafunguka yenyewe."

"Ijubaa dida posa!"

"Pua haijui Ijumaa," akasema, lakini akanihurumia, akanipa kikebe kidogo chenye mafuta meupe, yamejaa kiasi cha ukucha wa kidole gumba tu. Akanieleza polepole kama anavyowaeleza vibarua wa reli. Nichemshe maji, yapoe, nitie chumvi kidogo, nisafishe pua kwa maji hayo asubuhi na jioni. Yale mafuta yana kafuri ndani yake, kwa hiyo nichukue kiasi cha punje ya mtama, nipake kifuani na shingoni, asubuhi na usiku, basi. "Puani usitie. Penye kidonda usipake. Mtoto asiguse. Na usiongeze."

"Dikiongeza?"

"Nimesema usiongeze."

Nilifanya kama alivyosema, na nitasema kweli, Alhamisi usiku nililala vizuri kidogo, na Ijumaa asubuhi tundu la kulia lilikuwa limefunguka kama mlango uliowekewa mnyororo, hewa inapita kwa ubavu. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini tulipotoka msikitini adhuhuri upepo ukavuma, vumbi likajaa barabara nzima, na nilipofika barazani pua imeziba kuliko mwanzo. Nikaketi, nikafikiri, nikajiambia hivi: kama dawa kidogo imefungua kidogo, nyingi itafungua sana. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza, mengine yote yaliyofuata ni watoto wake.

Kikebe nilikipangusa chote kwa mkupuo mmoja. Hakikutosha. Nikakumbuka Mabruki alisema kafuri, nikainuka nikamwuliza mwenye duka kama anayo. Akainama chini ya meza, akatoa furushi, akanikatia bonge kama yai la kuku, na akaniuliza kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa, "Amefariki nani, fundi?"

"Hakuda. Di pua."

Akanitazama kitambo, akanifungia.

Hapo mtu mwenye akili angesita. Kafuri ndiyo hiyo hiyo karafuu maiti, tunampaka marehemu akishaoshwa, tunamwekea na pamba yake puani, na mimi hayo nilikuwa nayajua, sikuwa mtoto. Lakini nikajiambia dawa ni dawa, Mabruki mwenyewe kaitia kwenye kikebe cha serikali. Nikaingia chumba cha nyuma, nikaitwanga, nikaichanganya na samli, nikaipasha moto kidogo juu ya makaa, halafu (sikilizeni upumbavu huu) nikataka kujua kama imekolea, nikaiinua nikainusa. Sikusikia kitu. Nikaongeza. Nikanusa tena, hamna kitu. Nikasema kumbe huyu Mhindi kaniuzia iliyochacha, nikatia bonge zima. Mtu pua imeziba, anapima dawa ya pua kwa pua!

Nikajipaka kifua chote, shingo, mgongo mpaka mkono ulipokomea, na kipaji cha uso. Kisha nikachukua pamba ninayojazia mito ya wateja, nikaviringisha vipande viwili, nikavichovya, nikavisukuma puani kimoja huku kimoja huku. Iliwaka kama pilipili, machozi yakanimwagika, nami nikafurahi, nikaona inachoma kwa sababu inafanya kazi. Nikavaa kanzu mpya nyeupe niliyojishonea mwenyewe kwa siku ile, nikatoka.

Sasa jitazameni nilivyokuwa: nguo nyeupe mwili mzima, pamba puani, nanuka karafuu maiti. Mama mmoja wa Kigogo aliyekuwa akiniletea maziwa kila siku, na hata siku moja hapiti bila kuniamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," aliniona, akashuka njiani, akamvuta mwanawe nyuma yake. Mbele ya msikiti walikuwapo wanaume wawili wakicheka, nilipopita wakanyamaza, wakatazamana, wakaanza kunifuata polepole, vichwa chini. Mimi nikafikiri habari ya posa imeenea, watu wananisindikiza.

Mjomba Sudi alikuwa akinisubiri kwenye pembe ya nyumba ya Mzee Rajabu. (Mjomba alikuwa amenusa ugoro tangu ujana wake, kwa hiyo harufu kwake ilikuwa imekwisha kufa zamani, angeweza kusimama ndani ya zizi akaomba chakula.) Aliona zile pamba tu.

"Toa hizo. Unafanana na..." Hakumaliza.

Ya kulia niliitoa. Ya kushoto ilikuwa imepanda juu, nikaitafuta kwa kidole, nikaizidisha kwenda ndani.

"Acha!" Mjomba akanipiga mkono. "Usichokonoe pua mlangoni kwa watu. Twende."

Liko jambo moja nililokuwa nalijua lakini siku ile sikulifikiri hata kidogo. Ndani ya nyumba ile alikuwamo Bibi Tausi, mama yake Mzee Rajabu, ameugua mwezi mzima, na watu wa nyumba walikuwa wakilala nusu macho, wakiingoja ile siku.

Tukaingia. Mzee Rajabu alikuwa ameketi kwenye mkeka na ndugu zake wawili, sinia la halua liko katikati, nyuma yao pazia la chumba cha ndani. Nikasema "Shikaboo," nikampa mkono. Akaushika, halafu hakuuachia. Pua yake ikacheza. Akatazama pazia. Ndugu zake nao wakatazama pazia, mmoja akaanza kutikisa midomo bila sauti. Pale mlangoni wakasimama wale wawili wa msikitini, wamekunja mikono.

Mimi nikaona wamenyamaza kwa sababu wananisubiri niseme. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu wiki nzima: Mzee wangu, mimi nimekuja mbele yako. Machozi yananitoka kwa ile kafuri, koo limenikauka, nikavuta pumzi kwa mdomo, nikasema kwa sauti kubwa, maana nilikumbuka yule karani aliyenong'ona:

"Bzee wagu! Bibi..."

Nikakohoa. Mzee Rajabu akanikaza mkono. "Bibi amefanya nini?"

Nikaona hajanielewa. Nikajipiga kifua ili ajue ninajisema mimi.

"Bibi!" nikasema, machozi yakitiririka. "Bibi, bzee wagu! Bibi!"

Nyuma ya pazia Bi Zuhura, dada yake Mzee Rajabu, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka uani. Akakutana na harufu ile, akasikia mwanamume analia Bibi, akachungulia akamwona kaka yake kainamisha kichwa. Hakwenda hata kutazama kitandani. Alipiga ukelele uliosikika mpaka stesheni.

"Mamaaa! Mama yangu weee!"

Mzee Rajabu aliposikia kilio kimetoka ndani akajua ndiyo hivyo, akafunika uso. Wale wawili wakageuka mbio kwenda kuleta jeneza. Jirani akajibu kwa kilio, wa pili akapokea, na kabla sijakaa vizuri ua ulikuwa umejaa wanawake. Na mimi je? Mimi nilidhani kweli! Nilisema moyoni, masikini, bibi wa watu ameiaga dunia dakika ile ile ninapoposa, mkosi gani huu, nikamkumbatia Mjomba nikalia naye, na Mjomba analia kikweli kabisa.

Ndipo pazia likafunguliwa. Bibi Tausi amesimama, amefunga kanga kifuani, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umemshika Mwanaidi.

"Nani kafa?"

Bi Zuhura alikaa chini pale pale alipokuwa.

"Nauliza, nani kafa? Nimelala zangu, harufu ya karafuu inaniamsha, nyote mnalia. Mmenioshea wapi?"

Mwanaidi akanusa. Akapeleka macho kwa baba yake, kwa baba zake wadogo, kwa Mjomba, akafika kwangu akatulia. Akanyoosha kidole.

"Ni huyu."

Nilisimama nijieleze. Niliposimama ukuta ukazunguka, na kabla sijatamka neno nikapiga chafya, na ile pamba ya kushoto ikatoka kama risasi, ikatua kwenye halua mbele ya Mzee Rajabu. Tukaitazama sote. Halafu nikakimbilia nje, sikufika mbali, nikapiga magoti kizingitini nikatapika, na nilipoinua kichwa miguu minne ilikuwa mbele yangu, na jeneza limewekwa chini, na mmoja ananiuliza kwa upole, "Maiti yuko wapi?"

Kubebwa sikubebwa. Hilo nataka lieleweke. Nilikokotwa mpaka uani, kwa sababu mikono ilikuwa imeanza kunitetemeka na kichwa kinagonga, na mtu akatumwa mbio kumwita Mabruki. Mabruki alipofika hakucheka. Alinishika mshipa, akanifungua macho, akauliza neno moja tu.

"Umemeza?"

"Sijabeza."

"Una bahati. Kule kambini mtoto alilamba kipande kidogo tu, akatupwa na degedege, tulikesha naye." Akainusa kanzu yangu, akarudisha uso nyuma. "Umepaka kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, ukubwa wa yai. Papo hapo akaagiza maji na sabuni, nioshwe mwili wote mara tatu, kanzu itolewe pale. Nikaoshwa na Mjomba na wanaume wengine wawili, na mmoja wao ndiye mwosha maiti wa msikiti, alikuwa amekwisha kuitwa, akaona asiondoke bure. Alikuwa mtu wa kazi yake kweli, ananigeuza ubavu huu, ananigeuza ule, akasema katika umri wake wote ni mara ya kwanza mtu anamlalamikia kwamba maji ni baridi. Ua wote uliangua kicheko. Mwanaidi naye alicheka, nilimsikia, na nilitamani lile jeneza walirudishe, niingie.

Mabruki aliketi nami mpaka magharibi, mikono ilipotulia. Pua ndani ilikuwa imeungua, imetoka vidonda. "Wiki nzima," akasema, "maji ya chumvi tu, yaliyochemshwa yakapoa. Hakuna mafuta, hakuna majani, hakuna moshi. Mtu akikupa kitu, kataa. Kile kikebe nilikupimia mimi. Ungetaka zaidi ungerudi kwangu, si kwa Mhindi."

Nilipotaka kuondoka, nimevaa shuka la kuazima, Bibi Tausi akaniita. Alikuwa amerudi kitandani, lakini macho yake yalikuwa makali kuliko ya mwanawe.

"Ulitaka kunizika?"

"Hapada, bibi. Dilitaka kusema bibi... bibi si bibi..."

"Nyamaza, unazidi kuharibu." Akamgeukia Mzee Rajabu. "Huyu si mwovu, ni mjinga. Mjinga hufundishika. Kesho asubuhi aanze, apite kila nyumba iliyonililia, aseme kwa kinywa chake kwamba mimi nipo, na aeleze kwa nini nilililiwa. Akimaliza zote, mje tuzungumze. Akiruka moja, tusimwone tena. Na mimi nikifa, karafuu yangu atanunua mwanangu. Wewe usininunulie kitu."

Nilimwomba anipe siku tano pua ifunguke. Akakataa. Basi Jumamosi asubuhi nikaanza, nyumba kwa nyumba, nasimama mlangoni nasema "Bibi di bziba," watu wanaitana waje wasikie tena. Lakini kicheko niliweza kukivumilia. Kazi ilikuwa dawa. Hakuna nyumba niliyotoka bila kupewa dawa ya pua. Mmoja alitaka kunifukiza kwa pilipili juu ya makaa, mwingine kaniletea kivumbasi amekiponda tayari anikamulie puani, mwingine mafuta fulani kutoka Unguja yasiyojulikana ni ya nini, na mzee mmoja wa Kigogo kule ukingoni mwa mji akanimiminia ugoro kiganjani akasema vuta, kijana, utaona Kilimatinde kule mbali kutoka hapa. Wote kwa nia njema kabisa. Na kila mmoja nikimkataa ananuna, ananiuliza kwani dawa yake ina nini, mbona ya Mhindi nilipaka mwili mzima. Nilisema tu pua imeungua, nimekatazwa, nisameheni. Nilipokuwa na kiu ya kupumua kuliko siku zote ndipo nilipopewa dawa nyingi kuliko siku zote, na sikugusa hata moja.

Siku ya tano ya kuzunguka, nikiwa naelekea nyumba ya mwisho, nikasikia harufu ya moshi wa kuni. Nikasimama katikati ya njia. Pua imefunguka, yenyewe, bila kishindo, kama alivyosema mwenyewe Mabruki. Nikaimaliza nyumba ile kwa sauti safi (watu wake walisikitika, walikuwa wameambiwa watasikia ile nyingine), nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Rajabu, nikamkuta barazani, nikamwamkia, nikasema, "Mzee wangu, mimi nimekuja mbele yako kumtaka binti yako Mwanaidi, na nitamweka kwa heshima."

Akaninusa kwanza, nilimwona.

"Sauti ni nzuri," akasema. "Mwambie Mjomba wako aje. Halua aje nayo yeye."

Tulioana baada ya mavuno, na Bibi Tausi aliketi mbele kabisa, akala kuliko sisi. Mwanaidi tangu siku ile amenitolea mashauri machache tu juu ya pua, na yote nimeyafuata. Miezi ya upepo ikija, nikaziba, nakaa kwenye cherehani yangu kimya, mteja ananionyesha kwa kidole anachotaka nami natikisa kichwa, maji ya chumvi yananitosha, na zikipita siku tano bado sijafunguka nakwenda kwa Mabruki kuuliza, sijiulizi mwenyewe. Akinipa kikebe, nakipeleka nyumbani kimefungwa vile vile. Anayekifungua ni mke wangu, anayepima ni mke wangu, mimi kazi yangu ni kufungua vifungo vya shati na kusimama.